Uhuru wa Kubuni Ni Amana

Mwezi Mei 2010 uwanja mpya wa ndege ulianza kazi kaskazini mwa jiji la Durban, ukapewa jina la Mfalme Shaka. Mbele ya jengo lake palisimamishwa sanamu ya mfalme huyo, kazi ya mchongaji Andries Botha. Shaka wa Botha hakubeba mkuki wala ngao. Alisimama mikono mitupu pamoja na ng'ombe wake. Haukupita muda mrefu sanamu ikaondolewa, baada ya ukoo wa kifalme wa Wazulu kulalamika kwamba mwasisi wa taifa amefananishwa na kijana mchunga ng'ombe.

Wengi waliuchukulia mzozo huo kuwa ni wa heshima na desturi tu, lakini ndani yake mlikuwa na swali zito zaidi. Kiongozi wa jeshi hukumbukwa kwa lipi: kwa silaha aliyoishika mwenyewe, au kwa watu aliowalea hadi wakaweza kufikiri bila yeye? Siku hizi vyuo vya kijeshi katika nchi nyingi hutangaza kwamba vinataka kuandaa viongozi wenye kuchochea ubunifu na uvumbuzi. Sababu zinazotolewa ni za manufaa: vita vimebadilika, adui hatabiriki, teknolojia inakwenda mbio, na jeshi linalongoja idhini ya makao makuu kwa kila hatua hushindwa kabla halijafyatua risasi. Hoja hizo ni za kweli. Kasoro yake ni kwamba zinauona ubunifu kama kifaa kingine ghalani, cha kugawiwa askari pamoja na buti na bunduki. Ni nadra kuulizwa maswali matatu ya kimaadili: nani ana haki ya kubuni, abuni ndani ya mipaka ipi, na ubunifu ukizaa maafa ni nani atakayejibu.

Maswali hayo yamekwisha kujibiwa kwa vitendo mjini Durban na katika historia inayoufungamanisha mji huo na Afrika Mashariki. Baadhi ya majibu ni ya kujivunia. Mengine yaliandikwa kwa damu ya watu wasiohusika.

Inafaa kuanza na Shaka mwenyewe, kwani jina lake ndilo la kwanza kutajwa Waafrika wanapozungumzia ubunifu wa kivita. Anasifiwa kwa mkuki mfupi wenye bapa pana, kwa vikosi vya rika vilivyofunzwa kwa ukali, na kwa mpango wa kushambulia ulioumbwa kama kichwa cha fahali, kifua kikikabili na pembe mbili zikizunguka. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha mambo hayo alikianzisha yeye na kiasi gani alikikuta, kwa sababu vikosi vya rika vilikuwapo kabla yake, na masimulizi mengi ya awali yaliachwa na wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa na masilahi yao. Hata hivyo, tukubali kwamba alikuwa mbunifu mkubwa. Je, alikuwa kiongozi aliyelea wabunifu?

Mambo hayo mawili hayafanani. Kiongozi mbunifu anaweza kuwa ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kufikiri katika jeshi lake. Shaka aliuawa na ndugu zake mwezi Septemba 1828, pale KwaDukuza, mwendo mfupi kutoka Durban ya leo. Nusu karne baadaye, katika vita vya 1879 dhidi ya Waingereza, bunduki zilikuwa zimeongezeka mikononi mwa askari wa Kizulu, lakini umbo la pembe na kifua lilikuwa bado ndilo lile. Liliwapa ushindi mkubwa Isandlwana mwezi Januari. Halikuweza kuwaokoa Ulundi mwezi Julai. Uvumbuzi wa mwasisi ulikuwa umegeuka wasia, na wasia haubishaniwi. Ubunifu wa mtu mmoja, ukiachwa bila wa kuuhoji, huzeeka na kuwa desturi, na desturi hudai utii uleule uliodaiwa na mwasisi.

Lakini utii nao una watetezi wake, na hoja zao si za kupuuzwa. Wahenga wa pwani walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Jeshi ni chombo kilichobeba mauti. Askari anayejadili kila amri huku risasi zinapita anahatarisha wenzake, na zaidi ya hayo anahatarisha raia, maana jeshi lisilotii ni genge lenye sare. Tanganyika ilijifunza hilo mwezi Januari 1964, askari wake walipoasi na serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Kwa hiyo mtu anayedai uhuru wa kubuni jeshini hana budi kueleza jinsi uhuru huo utakavyoishi nyumba moja na nidhamu.

Immanuel Kant alilitazama tatizo hili katika insha yake ya 1784 juu ya maana ya kuelimika. Ofisa aliyepewa amri, alisema, hana ruhusa ya kuibishia akiwa kazini. Lakini akiwa mtu msomi hawezi kwa haki kuzuiwa kueleza makosa ya utumishi wa kijeshi na kuyaweka mbele ya umma ili uyahukumu. Mgawanyo huo una hekima, ila unategemea sharti moja ambalo halikupewa uzito unaostahili: lazima pawepo baraza la kusikiliza. Askari akatii mchana, kisha usiku aandike. Je, waraka wake utasomwa na nani, na asubuhi atakuwa wapi?

Wasomaji wa Kiswahili wana jibu la kutisha la swali hilo katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Nchi ile ilituma wajumbe sita pande zote za dunia na mbingu ili walete maarifa ya kuiendeleza. Kila mmoja alirudi na jambo jipya, na kila mmoja alitupwa gerezani. Kosa lao halikuwa uasi, walitekeleza walichotumwa. Kosa lao lilikuwa kurudi na habari ambazo wakubwa hawakuwa tayari kuzisikia. Kusadikika ilikuwa na wabunifu wa kutosha. Ilichokosa ni masikio.

Miaka kumi na minane baada ya kitabu hicho kutoka, kisa kinachokifanana kilitokea miongoni mwa wapiganaji wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni. Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, tawi la kijeshi lililoibuka hadharani tarehe 16 Desemba 1961, lilikuwa na kambi yake kuu ya awali Kongwa, katika Tanzania ya kati, kwenye ardhi iliyowahi kuwa ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa. Baadhi ya vijana wa kambi hiyo walitoka Natal. Walifunzwa vita, kisha wakangoja. Mwaka 1967 kikosi kimoja kilivuka Mto Zambezi kuingia Rhodesia kwa lengo la kufungua njia ya kurudi nyumbani. Kilipigana kwa ujasiri, lakini njia haikufunguka, na baadhi ya wapiganaji, Chris Hani akiwa mmoja wao, waliishia gerezani Botswana.

Hani aliporudi Zambia alikuta kwamba hakuna kikao kilichoitishwa kuchambua kilichotokea. Mwanzoni mwa 1969 yeye na wenzake sita waliandika waraka kwa viongozi wao. Walisema uongozi umejitenga na wapiganaji, umezama katika ofisi na safari za nje ilhali mapambano ya nyumbani yamedorora, kuna upendeleo, na waliokufa hawakuenziwa ipasavyo. Walitaja watu kwa majina. Jibu la kwanza lilikuwa lile la Kusadikika. Walishtakiwa ndani ya chama, wakafukuzwa, na wapo waliotaka wauawe.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Kati ya mwisho wa Aprili na tarehe mosi Mei 1969, ANC ilifanya mkutano wa mashauriano mjini Morogoro. Malalamiko ya waraka yalikuwa miongoni mwa sababu za mkutano huo kuitishwa. Uongozi ulipangwa upya, mkakati ukaandikwa, milango ya chama huko nje ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na baada ya hapo waandishi wa waraka wakarudishwa. Yule aliyekaribia kuangamizwa kwa kusema ndiye aliyekuja kuwa mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe mwaka 1987. Oliver Tambo, aliyeongoza chama wakati huo, hakuuandika waraka ule wala haukumfurahisha. Ubora wake ulikuwa katika jambo gumu kuliko kubuni, nalo ni kukubali kwamba aliye chini ameona ambacho aliye juu hakukiona. Methali husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Morogoro iliongeza fundisho ambalo methali hiyo hailitaji, kwamba mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya jeshi zima.

Ukweli unadai kisa kifuatacho nacho kisemwe, maana fundisho hilo halikudumu. Mwaka 1984 wapiganaji katika kambi za Angola waliasi. Madai yao yalifanana mno na ya 1969: walitaka kupelekwa nyumbani kupigana, na walitaka mkutano. Uasi ulizimwa kwa nguvu, wapiganaji saba wakapigwa risasi na kikosi cha adhabu pale Pango, na wengine wakateswa katika kambi ya gereza iliyojulikana kwa jina la Quatro. Hani, safari hii akiwa upande wa uongozi, alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuuzima. Mkutano uliodaiwa ulifanyika Kabwe, Zambia, mwezi Juni 1985. Mara mbili jeshi lilelile lilipata maarifa yaleyale kutoka kwa askari wake. Mara ya pili liliyanunua kwa maisha ya waliyoyaleta. Hapa ndipo inapoonekana kwamba kuwa mkosoaji ujanani hakumfanyi mtu awe msikilizaji akipewa cheo. Usikivu si tabia ya kuzaliwa nayo. Ni wajibu unaohitaji kulindwa kwa taratibu, kwa sababu cheo huziba masikio ya watu wema pia.

Matunda ya usikivu yalionekana mjini Durban katika miaka ya mwisho ya utawala wa makaburu. Waraka wa 1969 ulikuwa umelalamika kwamba viongozi wako mbali na nyumbani. Operesheni Vula, iliyosimamiwa na Tambo na Joe Slovo kutoka Lusaka, ilikuwa jibu la lalamiko hilo baada ya takriban miaka ishirini: viongozi wa ngazi za juu waingie nchini kwa siri na kuongoza kutoka ndani. Mac Maharaj na Siphiwe Nyanda waliingia mwaka 1988, na Durban ikawa moja ya ngome kuu za mtandao wao.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mawasiliano. Njia ya zamani ya kuandika ujumbe kwa mafumbo, herufi moja baada ya nyingine, ilichukua siku nyingi na kuwachosha watu, na kamanda aliyeko nchini alilazimika kuamua bila kujua wenzake wanaamua nini. Suluhisho lilitoka kwa Tim Jenkin, mtu aliyekuwa ametoroka gereza la Pretoria mwezi Desemba 1979 kwa funguo za mbao alizozichonga gerezani. Akiwa London, pamoja na Ronnie Press, aliunda mfumo uliotumia kompyuta ndogo, diski na kinasa sauti. Ujumbe uliandikwa kwenye kompyuta, ukafichwa kwa msimbo, ukageuzwa kuwa mlio, ukanaswa kwenye kaseti, kisha ukachezwa katika simu ya umma ya barabarani hadi ukaingia kwenye mashine ya kupokea simu ng'ambo. Mhudumu wa ndege wa Kiholanzi alisaidia kuvusha vifaa. Kwa njia hiyo Lusaka, London na Afrika Kusini ziliweza kujibizana, na hata Nelson Mandela, akiwa bado kifungoni, aliunganishwa na Tambo.

Katika kisa hicho cha kustaajabisha zaidi si kompyuta. Ni kwamba jeshi la siri, ambalo kwa tabia yake humshuku kila mwenye jambo jipya, lilimwamini fundi asiye na cheo kikubwa, likampa lengo na kumwachia njia. Majeshi mengi ya leo hufundisha mtindo huo wa kuamuru: mkuu hueleza nini kinatakiwa na kwa nini, kisha humwachia aliye chini achague vipi. Asili yake hutafutwa aghalabu katika mageuzi ya jeshi la Prussia baada ya kushindwa na Napoleon kule Jena mwaka 1806. Vula inaonyesha kwamba mtindo huo si mali ya Ulaya. Unaweza kuzaliwa popote ambapo mkubwa amejua mipaka ya maarifa yake.

Vula haikuisha salama. Julai 1990, miezi mitano baada ya Mandela kuachiliwa, polisi wa usalama waliwakamata Charles Ndaba na Mbuso Tshabalala mjini Durban. Wote wawili waliuawa na miili yao kutupwa katika Mto Thukela. Mtandao ukafichuliwa na wengi wakakamatwa. Wanaozungumzia ubunifu kana kwamba ni mchezo wa akili wanafaa kuwakumbuka wawili hao. Jeshini wazo jipya hulipiwa na mwili wa mtu, na mara nyingi mwili huo si wa aliyelitoa.

Na mara nyingine mwili huo si wa askari kabisa. Hapa insha hii haina budi kuurudia mji wa Durban kwa kumbukumbu chungu zaidi.

Tarehe 23 Desemba 1985, siku mbili kabla ya Krismasi, bomu lililotegwa katika pipa la taka lililipuka kwenye jengo la maduka huko Amanzimtoti, kusini mwa Durban. Watu watano walikufa, watoto wakiwamo. Aliyelitega alikuwa Andrew Zondo, mpiganaji wa miaka 19. Siku chache kabla, watu tisa walikuwa wameuawa katika uvamizi wa Maseru, nchini Lesotho, na Zondo alitaka kulipiza. Mahakamani alisema kwamba alijaribu kupiga simu ya tahadhari lakini simu zote zilikuwa zinatumika. Alinyongwa mwezi Septemba 1986. Kabla hajanyongwa, tarehe 14 Juni mwaka huohuo, bomu la gari lililotegwa na kikosi cha Robert McBride liliwaua wanawake watatu nje ya baa ya Magoo, katika ufuo wa Durban.

Vitendo hivyo havikutokea katika ombwe. Mkutano wa Kabwe ulikuwa umetoa wito wa kuzidisha mapambano, na lugha iliyotumika wakati huo ilififisha mstari kati ya shabaha za kijeshi na raia. Vikosi vidogo vilipewa uhuru mpana wa kuchagua mahali, wakati na namna. Hilo lilikuwa la lazima, kwa maana kamanda wa Lusaka hakuweza kuijua mitaa ya Durban. Lakini uhuru huo huo uliozaa Vula ndio uliomwacha kijana wa miaka 19 peke yake na hasira yake, bomu lake, na simu zilizokuwa zinatumika. Ilhali tarehe 28 Novemba 1980 Tambo alikuwa ametia saini tamko la kuzifuata Kanuni za Geneva, chama cha wapiganaji kikijifunga kwa sheria ambazo serikali iliyokipiga vita haikuziheshimu. Mpaka ulikuwapo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuufikisha hadi kwenye mkono unaotega bomu.

Haki inataka mizani iwekwe sawa. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliona kwamba mtendaji mkuu wa ukiukaji wa haki za binadamu alikuwa dola ya ubaguzi wenyewe, na dola hiyo haikukosa wabunifu. Jeshi lake lilikuwa na mradi wa siri wa silaha za kemikali na za kibayolojia, uliojulikana kama Project Coast, ambamo wanasayansi walipewa fedha, faragha na uhuru ambao watafiti wengi hawajawahi kuuota. Ukipimwa kwa vigezo vinavyosifiwa katika semina za uongozi, mradi huo ulikuwa mfano bora: wakubwa waliwaamini wataalamu, wakavumilia majaribio, hawakuwaingilia. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba ubunifu peke yake si fadhila. Ni nguvu, kama mto, na nguvu huulizwa inaelekea wapi.

Kiswahili kina neno linaloweza kubeba kinachokosekana katika mjadala huu, nalo ni amana. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine. Aliyeipokea anaruhusiwa kuishika na lazima aitunze. Siku ya kudaiwa, atatoa hesabu. Lakini aliyeiweka hakukoma kuwa mwenye mali. Kamanda anayempa aliye chini yake uhuru wa kubuni ameweka amana. Uhuru huo ni sehemu ya mamlaka aliyokabidhiwa yeye na taifa, na kumgawia mwingine hakumfanyi yeye awe huru na dhamana yake. Sheria ya vita inakubaliana na hilo: kamanda hujibu kwa makosa ya walio chini yake ambayo alijua, au alipaswa kujua, na hakuyazuia. Anayesema kwamba vijana walijiamulia wenyewe anataka sifa za mtoaji na usalama wa asiyehusika.

Amana hii huenda pande mbili. Askari anapompelekea mkubwa wake wazo, onyo au lawama, naye ameweka kitu chake mikononi mwa mwingine. Mkubwa anaweza kulikataa wazo, lakini hana haki ya kulizika kimya, wala ya kumwadhibu aliyelileta kwa sababu ya kulileta. Anadaiwa jibu. Waandishi wa waraka wa 1969 waliweka amana yao, na jibu lilikuja kwa kuchelewa. Wapiganaji wa Pango waliweka yao, wakarudishiwa risasi.

Yapo mapingamizi ya kweli. Itasemwa kwamba kamanda akijua atajibu kwa kila ubunifu wa walio chini yake, atawabana wasibuni chochote. Hofu hiyo ina msingi ikiwa kujibu kuna maana moja tu, ya kuadhibiwa. Lakini kujibu kuna maana pana zaidi: kusimama hadharani na kusema, huyu alikuwa wangu, nilimpa uhuru huu kwa sababu hizi, niliweka mipaka hii, na hapa ndipo nilipopungukiwa. Askari wanaojua kwamba mkubwa wao atasimama hivyo hubuni zaidi, kwa kuwa hawabuni peke yao. Kinachoua ubunifu ni mkubwa anayekuwapo siku ya kupokea nishani na kutoweka siku ya lawama.

ANC yenyewe iliyumba kati ya nyuso hizo mbili. Mbele ya Tume, chama kilikubali wajibu wa pamoja kwa vitendo vya wapiganaji wake, na hilo ni jambo ambalo wakuu wengi wa dola ya zamani walilikwepa. Lakini mwezi Oktoba 1998 kilikwenda mahakamani kujaribu kuzuia ripoti ya Tume isichapishwe. Ombi lilikataliwa. Ripoti ilisema kwamba hata kama vifo vya raia vilitokana na sera iliyoeleweka vibaya, upelelezi hafifu, hasira au tafsiri tofauti ya shabaha halali, waliouawa walikuwa wahanga wa ukiukaji mkubwa wa haki. Orodha hiyo ya sababu inafaa kusomwa polepole na kila anayefundisha maofisa. Hakuna hata moja kati yake inayoweza kurekebishwa na kijana aliyeko mtaani peke yake. Zote ni kazi za mlezi.

Miongoni mwa waliofika mbele ya Tume alikuwa mzazi aliyempoteza mtoto wake Amanzimtoti. Alieleza kwamba alimwona mwanawe kuwa shujaa aliyekufa kwa ajili ya uhuru wa watu walioonewa. Kauli hiyo imetajwa mara nyingi kama mfano wa ukarimu wa kibinadamu, na ndivyo ilivyo. Lakini ukarimu wa aliyefiwa haulipi deni la aliyeamuru. Mwaka 2008 barabara kuu ya Amanzimtoti ilipewa jina la Andrew Zondo, na mabishano yakazuka, wengine wakimwona shahidi, wengine muuaji. Pande zote mbili zilibishana juu ya kijana. Makamanda waliompa bomu na kumnyima mtu wa kumshauri hawakuhitaji barabara wala lawama.

Tarehe 27 Aprili 1994 jeshi jipya la Afrika Kusini lilizaliwa kwa kuunganisha majeshi saba, ya dola, ya wapigania uhuru na ya maeneo manne yaliyotengwa, watu waliokuwa wakiwindana juzi. Mwaka 1998 Siphiwe Nyanda, aliyeingia nchini kwa siri na Vula, akawa mkuu wake. Jeshi hilo lilirithi ghala mbili za kumbukumbu: ya Vula na ya Magoo, ya Morogoro na ya Pango, bila kusahau ya maabara za Project Coast. Lingeweza kufunza maofisa wake kwa vitabu vya mageuzi ya Prussia pekee. Lakini mifano iliyo karibu ina faida moja ambayo ya mbali haina: mashahidi wake bado wanaishi, na wanaweza kubisha.

Haja haijapungua. Mwezi Aprili 2022 mafuriko yaliua zaidi ya watu 400 Durban na maeneo yanayouzunguka mji huo, na askari wakapelekwa kusaidia. Katika hali kama hiyo luteni kijana mbele ya daraja lililobomoka hana mwongozo wa kufungua ukurasa wake. Lazima abuni: wapi pa kuvushia watu, maji safi yapelekwe kwa nani kwanza, nani aaminiwe. Mwaka mmoja kabla, Julai 2021, askari walikuwa wametumwa katika mitaa hiyohiyo kukabili ghasia na uporaji, ambako kosa la luteni lingekuwa risasi katika umati. Kijana ni yuleyule, mtaa uleule, na ruhusa ya kubuni ni ileile.

Kumwandaa luteni huyo si suala la kumpa kozi ya fikra bunifu. Ni suala la kumpa mambo matatu mapema kabla ya siku ya hatari: mkubwa ambaye amewahi kumletea habari mbaya akasikilizwa, mpaka ambao ameujadili mpaka ukawa wake, si karatasi iliyotiwa saini Geneva na kusahauliwa kambini, na hakika kwamba, akikosea ndani ya mpaka huo kwa nia njema, kuna mtu mwenye cheo kikubwa atakayesimama upande wake kutoa hesabu. Bila la kwanza, hatasema anachokiona. Bila la pili, ustadi wake utakuwa hatari kwa wasio na silaha. Bila la tatu, atajifunza haraka kwamba salama yake ni kutofikiri.

Waliomkataa Shaka wa Botha walisema anafanana na mchungaji. Huenda jeshi linalotaka wabunifu halihitaji sifa iliyo bora kuliko hiyo. Mchungaji ndiye anayerudi jioni akihesabu, na akikosekana mmoja, swali la kwanza huulizwa yeye.